Sukari ya Maziwa

Jumatatu, 4 Machi

Nepi tena. Nimefua, nimeanika, nimeanua zilizokauka, nimerudi ndani nikakuta nyingine imelowa matapishi. Mwita ananyonya vizuri, anashiba, halafu anarudisha yote. Siyo kucheua. Ni kutapika, mpaka puani.

Macho yana manjano. Nilimpeleka zahanati juzi, nesi akasema ni manjano ya kawaida ya watoto wachanga, niwe namtoa juani asubuhi. Namtoa. Nepi juani, mtoto juani.

Sitaki kuandika ninachofikiria. Naandika. Dada yake, Boke, alianza hivihivi. Manjano, matapishi, tumbo kuvimba, kisha akanyamaza. Tulimzika nyuma ya zizi kabla watu hawajamaliza kuja kumwona. Walisema ni jicho la mtu. Bibi Wegesa, mwenye nyumba hii, naye alisema jicho la mtu. Na mimi nilisema hivyohivyo, maana ni rahisi kumchukia jirani kuliko kukaa bila kujua.

Naogopa. Basi.

Jumatano, 6 Machi

Amepungua. Mashavu yameisha. Bibi kamfunga uzi mweusi mkononi, halafu akamwita mzee wa kanisa aje aombe. Bibi hataki kukosana na upande wowote.

Mimi nanyonyesha. Akilia, titi. Akitapika, titi tena, arudishe alichopoteza. Maziwa ninayo mengi. Bibi ananisifu kwa majirani, anasema mkamwana wake ni ng'ombe wa kisasa. Wiki iliyopita nilicheka. Leo sikucheka.

Mwita ndiye mrithi wa nyumba hii. Bibi alizaa mabinti watupu, wote wameolewa, na mume wake alikufa zamani. Ng'ombe wa mahari ya binti yake wa mwisho ndio walionitoa kwetu Busawe wakanileta hapa Kemambo. Mke wa mwanamke. Kazi yangu ni moja tu, kuizalia nyumba hii mtoto wa kiume atakayeshika zizi. Nilianza na msichana, akafa. Huyu ni wa kiume na anakwisha mikononi mwangu.

Ijumaa, 8 Machi

Hanyonyi tena. Analala tu. Nikimkuna unyayo hashtuki.

Tumekwenda Tarime mjini kwa bodaboda, mishikaki, mimi katikati na mtoto kifuani, Bibi nyuma yangu kanishika kiuno. Hospitali walimwangalia, wakatoa damu, wakaweka dripu, wakaita gari. Rufaa, Mwanza. Bibi ilibidi abaki na mifugo. Alisimama mlangoni pa gari la wagonjwa, akavua kanga yake ya juu, akanipa.  

Jumapili, 10 Machi. Mwanza

Wodi ya watoto. Daktari wetu ni mama mfupi, mtu wa Lindi, ana sauti ya upole ambayo huku kwetu tungedhani anabembeleza mteja. Aliniuliza habari za Boke kabla hajauliza za Mwita. Akamulika macho ya mtoto kwa tochi ndogo, akataka mkojo.

Mkojo waliupima mara mbili. Kijiti cha sukari kilisema hakuna sukari. Halafu daktari akaagiza uchemshwe na ile dawa ya bluu ya maabara. Naijua. Tuliitumia nikiwa kidato cha tatu kule Issenye, ikigeuka rangi ya tofali ujue sukari ipo. Iligeuka rangi ya tofali. Daktari akasema kijiti kinatambua aina moja tu ya sukari. Hii ni nyingine.

Kisha akakaa kitandani pangu, akaniambia niache kunyonyesha. Leo. Sasa hivi. Nilidhani nina virusi. Nikamwambia nilipimwa kliniki, kadi ninayo. Akasema wewe huumwi. Maziwa yako hayana ubaya, mwili wa mtoto ndio hauwezi kuyatumia.

Nilitaka kumpiga.

Jumatatu, 11 Machi

Anapewa maziwa ya soya ya kopo, kwa kikombe na kijiko. Hajatapika. Mchana mzima hajatapika.

Matiti yamejaa, yanauma, na yanavuja mtoto yeyote wodini akilia. Nesi kanifunga kanga kwa nguvu. Mama wa kitanda cha pili anamnyonyesha wake huku ananitazama kwa huruma. Natamani nimwambie ageukie ukutani.

Nimeelewa sasa. Kila nilipompa titi nilikuwa nampa sumu. Na Boke pia. Boke alikuwa amekataa, anageuza uso, nami nikamlazimisha. Nilimshika kichwa.

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Waliotunga hiyo hawakujua kwamba unaweza kulea kwa bidii zote ukamwua.

Jumatano, 13 Machi

Daktari amenieleza polepole. Naandika kwa maneno yangu nisisahau.

Maziwa yana sukari yake. Tumboni inakatwa vipande viwili. Kimoja ni glukosi, mwili unakitumia moja kwa moja. Cha pili kinaitwa galaktosi, na hicho lazima kigeuzwe kwanza. Kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya, hasa kwenye ini. Kimoja kati ya hivyo, kwa Mwita, ni kibovu. Kwa hiyo galaktosi haigeuzwi. Inarundikana. Inaharibu ini, macho, ubongo. Mwili unaishiwa nguvu ya kupigana, na vijidudu vinaingia kwenye damu.

Kwa nini ni kibovu? Maagizo ya kukitengeneza yamo kwenye vinasaba. Mahali fulani maagizo yamebadilika. Badiliko dogo, herufi moja inatosha, na kimeng'enya kinatoka hakifanyi kazi. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu haumwi, ile nzima inamfanyia kazi, anazeeka bila kujua. Mimi ninayo moja. Baba wa mtoto anayo moja. Mtoto akirithi mbovu kutoka pande zote mbili, ndiyo haya. Kila mimba, mara moja kati ya nne. Mimi nimezaa wawili na wote wameangukiwa. Ingekuwa kamari ningekuwa tajiri.

Akauliza baba wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia huyu hana baba, ana Bibi. Akaweka kalamu chini. Ikabidi nimweleze nyumba ntobhu, kwamba kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke kwa ng'ombe wake, akamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakawa wa ukoo wa marehemu mume wake. Yule mwanamume hadai kitu. Hatajwi. Daktari alisikiliza bila kukunja uso, nikamheshimu kwa hilo. Akauliza, wewe na huyo mwanamume ni ndugu?

Nikasema hapana. Ukoo mwingine kabisa. Kwetu ukoo mmoja hawachanganyi, ni mwiko, na Bibi aliuliza koo kabla ya kuleta ng'ombe. Akasema sawa, hata watu baki hukutana na kosa hili, ila ndugu hukutana nalo kwa urahisi zaidi.

Nilijibu haraka mno.

Jumamosi, 16 Machi

Manjano yanaisha. Amefungua macho, anaufuata uso wangu nikisogea. Amepiga kelele ya njaa, kelele halisi, wodi nzima ikageuka. Nililia kwa furaha kama mjinga.

Jicho la kulia lina ukungu. Mtoto wa jicho, ameanza. Huenda ukungu ukaondoka tukishika sharti. Sharti ni moja: maziwa hapana. Sasa hapana, na akikua hapana. Hakuna dawa ya kutengeneza kimeng'enya. Kinachowezekana ni kumwepusha na kile asichoweza.

Mkurya asiyekunywa maziwa. Nimecheka mpaka mama wa kitanda cha pili akauliza kuna nini.

Jumanne, 19 Machi. Kemambo

Tumerudi na makopo kwenye begi. Bibi alikuwa ameshachinja jogoo. Alimpokea Mwita, akamzungusha nyumba nzima akimwonyesha vitu, hili ni jiko lako, hili ni zizi lako.

Nilimweleza kwa Kikurya, taratibu. Titi langu hapana. Maziwa ya ng'ombe hapana, mabichi hapana, mgando hapana, hata tone kwenye uji. Akaniuliza tena na tena. Mwisho akatoka, akasimama zizini, akawaangalia ng'ombe wake kama watu waliomgeuka.

Majirani wamekuja kumwona mtoto, kila mmoja na kibuyu chake. Nimepokea, nimeshukuru, nimewagawia watoto waliofuatana nao. Wametoka wakinong'ona, ni mwanamke gani huyu titi lake linaua. Penye wengi pana mengi. Waseme mpaka wakauke midomo.

Marwa naye alipita. Marwa ndiye mwanamume mwenyewe. Fundi wa kujenga, kwao ni ng'ambo ya kijito, pale kwa Mzee Nchagwa. Bibi alimchagua kwa sababu ni mrefu, hanywi sana, na kwao wanazaa wanaume. Mimi nilimpenda, jambo ambalo halikuwamo kwenye mipango ya mtu. Alimshika Mwita kidogo, akasema ana pua yangu. Nikamwambia hapana, hiyo ni pua yangu mimi. Tukabishana kwa utani mpaka Bibi akatufukuza mlangoni.

Alhamisi, 21 Machi

Swali la daktari halinitoki.

Ukoo mwingine, nilisema. Ukoo wangu ni upi? Mimi mwenyewe nimezaliwa nyumba ntobhu. Mama yangu aliolewa na mwanamke kule Busawe, Bibi Mogesi, sasa ni marehemu. Ukoo ninaoutaja ni wa mume wa Bibi Mogesi, mtu aliyekufa kabla mama hajafika pale. Damu yake sina hata tone. Bibi Wegesa alipouliza koo aliambiwa ukoo wa nyumba iliyolipa ng'ombe. Aliyenizaa hakuulizwa, maana haulizwi. Na mimi sijawahi kuuliza. Kwetu mtoto akiuliza baba ni nani anachapwa, tena anachapwa na yule anayempenda.

Najua ni ujinga. Wanaume wamejaa Mara nzima, Tarime hadi Serengeti. Lakini chakula hakipiti.

Jumamosi, 23 Machi

Kesho nakwenda Busawe, keshokutwa narudi. Ningeweza kuuliza kwa simu. Mama angekata, angesema mtandao.

Mwita siwezi kumbeba. Mvua hizi, pikipiki, na ametoka kupona. Nimemfundisha Bibi. Maji yachemke, yapoe, kijiko cha ndani ya kopo, kisifurike, kikombe kichemshwe kila mara. Amefanya mbele yangu bila kosa. Ana mkono mwangalifu kuliko wangu. Amenusa kopo, akasema huu ni mchuzi wa maharage. Nikamwambia mchuzi huuhuu ndio umeturudishia mtoto.

Namwamini. Hakuna mtu anayempenda Mwita kama yeye, na mimi nikiwamo.

Jumapili, 24 Machi. Busawe

Mama kafurahi. Kakonda. Nilimuuliza mara tu baada ya kula. Akainuka akaenda kutafuta kuku ambaye hakuwa amepotea.

Jumatatu, 25 Machi. Busawe

Nimeuliza tena tukipukuchua mahindi. Nimemweleza Boke alivyokufa kweli, na Mwita alivyoponea chupuchupu, na nakala mbili za maagizo. Nakala hakuzielewa. Boke alimwelewa. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwangu kifo kimeshapita mara moja.

Akaendelea kupukuchua. Kisha akasema bila kuniangalia: "Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Akija mnadani analala kwa Bibi Mogesi. Mtu wa hukohuko Kemambo. Nchagwa."

Mzee Nchagwa. Baba yake Marwa.

Namjua. Tukikutana njiani huwa hanitazami usoni. Nilidhani ni majivuno ya wazee wenye ng'ombe wengi. Alijua nimetoka nyumba gani. Lazima alijua. Na mama, je? Mama hakujua habari za Marwa, maana mwanamume wa nyumba ntobhu hatajwi, hata mama mzazi sikumtajia. Bibi Wegesa hakujua habari za Nchagwa, kwa sababu hiyohiyo. Kila mmoja alitunza siri kama alivyofundishwa. Hakuna aliyevunja mila hata moja, na ndiyo imetufikisha hapa.

 Nimeendelea kupukuchua, mahindi yalikuwa bado.

Jumanne, 26 Machi. Busawe

Mvua imejaza mto. Hakuna pikipiki inayovuka.

Nimempigia Bibi. Anasema nisihangaike, mjukuu anakunywa vizuri, tena anataka zaidi. Anasema ameanza kunenepa. Sauti yake ilikuwa na furaha, mpaka nami nikafurahi. Nimemwambia kesho, maji yakipungua.

Marwa ni kaka yangu. Nimeliandika nilione. Limekaa tu kwenye karatasi, kama maneno mengine yoyote. Nimezaa na kaka yangu watoto wawili. Najisikia mchafu, halafu nakumbuka mikono yake ilivyo na saruji, na namtamani, na najisikia mchafu zaidi.

Jumatano, 27 Machi. Kemambo

Nimefika mchana, nimelowa. Mbuzi jike alikuwa kafungwa karibu na jiko, mwanawe kafungwa mbali kidogo, analia. Nilijua kabla sijaingia.

Bibi hakuficha. Alinionyesha kwa fahari. Kopo karibu lote lipo, amelitunza lisiishe. Alimpa mchuzi wa maharage siku ya kwanza, Mwita akalia baada ya muda mfupi, akaona huyu hashibi. Akafanya ambavyo angefanya mama yake, na bibi yake. Kwetu maziwa ya mbuzi ni dawa. Mtoto aliyefiwa na mama hupewa ya mbuzi. Mtoto wa kikohozi hupewa ya mbuzi. Mgonjwa aliyekatazwa kila kitu, mbuzi hajawahi kukatazwa.

Daktari alisema maziwa yoyote. Mimi nilimtajia Bibi titi langu na ng'ombe. Mbuzi sikumtaja. Sikumsahau. Hakunijia kabisa, maana na mimi nimelelewa hukuhuku.

Mwita amelegea. Macho yamerudi manjano. Tumbo ni gumu.

Sikupiga kelele. Nimembeba, Bibi yuko pembeni, naandika hapa njiani kwa mkono mmoja nikisubiri pikipiki. Haiji. Haiji.

Ijumaa, 29 Machi

Mwita amekufa jana asubuhi, mjini, gari la kwenda Mwanza likiwa limeshawashwa. Vijidudu kwenye damu, walisema. Ini halikuwa na nguvu. Walijitahidi. Niliwaona.

Jumapili, 31 Machi

Tumemzika. Karibu na dada yake. Waumini waliimba, wazee wakasema maneno yao, mvua ikangoja tumalize. Marwa alikuja na jembe akachimba kaburi pamoja na vijana wa jirani. Hakuna aliyempa pole. Hakuna wa kumpa, yeye si kitu kwa marehemu. Alichimba vizuri, kuta zikanyooka, ufundi wake.

Mzee Nchagwa pia alikuja. Alikaa na wazee wenzake. Wajukuu wake wawili wako nyuma ya zizi letu, na alikunywa uji wa msiba akaondoka.

Siku ile tukitoka hospitali Bibi aliniuliza, ni mbuzi? Ningeweza kusema hapana. Nikasema ndiyo. Tangu hapo hali chakula. Mbuzi amempa jirani na mwanawe, bure, hataki hata kusikia mlio wake.

Namchukia. Nampenda. Jioni nimemchemshia maji ya kuoga, nikamsugua mgongo, kwa sababu mikono yake haifiki. Mifupa mitupu. Alilia nikiwa nyuma yake, nikajifanya nasugua kwa nguvu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemwambia Marwa. Nilimfuata anakojenga, vibarua wakiwa wamekwenda kula. Kwanza alicheka. Kisha akatupa mwiko wake wa saruji ukutani. Akasema mama yangu ni mwongo, daktari ni mwongo, hizo nakala ni hadithi za watu wa mjini. Nikamngoja amalize. Nikamwambia amuulize mzee wake.

Ndipo akasema kwa sauti ya chini, hata kama ni kweli, ukoo ni tofauti. Wazee hawatakuwa na neno.

Ni kweli. Hawatakuwa na neno. Kwa mila hatuna undugu wowote, na hata ng'ombe walihesabiwa mbele ya mashahidi. Hilo limeniogopesha kuliko yote.

Jumapili, 14 Aprili

Bibi ameanza kula. Kidogo, ugali na mlenda. Leo baada ya ibada amevaa kanga safi, akaniita nikae karibu. Akasema nyumba haiwezi kufungwa. Akasema mimi bado kijana, nyonga zangu ni nzuri, mwili ukipona Marwa atarudi. Kwao wanazaa wanaume. Mara hii, akasema, hata mbuzi hatakanyaga hapa, atalinda mwenyewe.

Amepanga. Hiyo ndiyo dawa yake ya msiba. Aliongea muda mrefu, na uso ukarudiwa na uhai.

Sikumwambia. Nikimwambia, nitakuwa nimemwambia kwamba mkono wake uliomchagua Marwa ndio uleule ulioshika kikombe. Mbuzi peke yake anamtafuna. Nikimwongezea hili, sijui kama atainuka. Nisipomwongezea, kuna mtoto wa tatu. Naye akizaliwa atalala kifuani mwangu akitafuta titi. Sitaki. Afadhali nyumba ifungwe. Afadhali nirudi Busawe na ng'ombe wadaiwe.

Jumatano, 17 Aprili

Ujumbe wa Marwa kwenye simu: Nimemuuliza mzee. Hakukataa.

Nimeusoma nikiwa shambani. Nikaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua imepumzika. Asubuhi nimefagia uwanja, nimetoa samadi zizini. Bibi alimtuma mtu kumwita Marwa bila kuniambia. Nilijua tu alipoanza kupaka miguu mafuta.

Alikuja mchana. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Hajanyoa. Bibi alikuwa anachambua choroko kwenye ungo, akamwambia karibu mwanangu, karibu ndani, huku akinitazama mimi. Nikainuka. Nikafuta mikono. Nikapiga goti kidogo, kama ninavyofanya kwa wakubwa zangu wa kwetu.

"Shikamoo, kaka."

Mwanamke hamwamkii hivyo mwanamume aliyemzalia. Mkono wa Bibi ulisimama juu ya ungo. Marwa aliangalia chini, halafu akaniangalia mimi, na niliona anatafuta njia nyingine, haipo.

"Marahaba," akasema.

Bibi alitutazama, mmoja, kisha mwingine.   Akaweka ungo chini, akavuta kigoda, akakiweka kule karibu na mlango tunapokalisha wageni, na Marwa akaenda akakaa.